Aende Sasa, au Asubiri Kidato cha Tano?

Kila Desemba, TAMISEMI wakitangaza waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, wazazi wa hapa Lagangabilili, wilayani Itilima, huja kwangu jioni niwatafutie majina ya watoto wao kwenye simu. Nilianza kufundisha Darasa la Saba huku Itilima ikiwa bado sehemu ya Bariadi, kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012. Majina mengi huangukia shule za kata, za kutwa. Mara mojamoja linatokea jina lililopangiwa shule ya vipaji maalumu: Ilboru, Mzumbe, Kibaha au Tabora Wavulana. Kwa mabinti, Msalato, Kilakala au Tabora Wasichana. Watu hushangilia. Wakishatulia, baba hunisogelea na kuuliza taratibu: "Mwalimu, kweli huyu aende sasa hivi?"

Baba anayeuliza hivyo ana busara, na anastahili jibu lililofikiriwa.

Mzazi hachagui shule ya vipaji maalumu. Mtoto hufanya mtihani wa NECTA mwezi Septemba, masomo 6 yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Wenye alama za juu kabisa hupangiwa vipaji maalumu, wengine shule za ufundi, wengine bweni la kawaida, na walio wengi kutwa. Asiyeripoti kwa muda uliowekwa, nafasi yake hupewa mwingine. Ndiyo maana familia huamua kwa pupa, kana kwamba bahati ikipita leo haitarudi. Lakini hata akibaki shule ya kata, akiwa Kidato cha Nne kijana hujaza Selform, yaani fomu ya uchaguzi, akachagua tahasusi na shule anazozitaka, na shule hizohizo kubwa hupokea Kidato cha Tano. Wakati huo ana miaka 17 au 18, anajua kufua, kuugua na kupona mbali na mama yake.

Huwa nawakumbusha wazazi habari za Mwalimu Nyerere. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, na akaingia Tabora mwaka 1937 akiwa na takriban miaka 15. Watoto wetu wanaoitwa Tabora leo, wengi wana miaka 13. Miaka miwili katika umri ule ni mikubwa sana.

Kwa hiyo mimi huwa sitazami alama peke yake. Namkalisha mtoto, nampa kitabu cha Baiolojia cha Kidato cha Kwanza, nasema: soma aya hii kimya, kisha nieleze kwa Kiswahili umeelewa nini. Amesoma miaka yote kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo litakuwa kwa Kiingereza. Kule atakaa dawati moja na watoto waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea. Simtarajii aelewe kila kitu. Ninachotazama ni anafanya nini akikwama. Yupo anayefunga kitabu na kuinamisha kichwa. Yupo anayeweka kidole juu ya neno na kuuliza, "Mwalimu, hili ni nini?" Huyu wa pili ndiye ninayemwambia baba yake aanze kutafuta nauli. Mtoto aliyekuwa wa kwanza hapa kwetu miaka saba anaweza kuwa wa hamsini muhula wa kwanza, na asiyejua kuuliza atanyamaza na aibu yake mpaka Juni.

Jaribio jingine ni la nyumbani. Mtume Bariadi peke yake akanunue kaunta buku, arudi na chenji na kukueleza kila shilingi ilivyokwenda. Halafu kumbuka, mara ya mwisho alipougua, alisema mwenyewe au mama ndiye aliyemshika paji la uso? Bwenini hakuna wa kumshika paji la uso.

Fedha nazo zina majira yake. Ada ilifutwa tangu 2016, lakini fomu ya kujiunga ina mambo mengi: godoro, tranka, shuka, ndoo, rimu ya karatasi, na nauli ya mpaka Arusha au Morogoro. Shule zinafunguliwa Januari, tuko kwenye palizi, pamba haitauzwa mpaka Mei. Nimeona ng'ombe akiuzwa kwa bei ya kutupa wiki ya mwisho kwa sababu hakuna aliyetenga kitu mapema. Mwenye mtoto anayefanya vizuri Darasa la Sita aweke akiba msimu uleule wa pamba.

Kwa binti, hata hivyo, napima tofauti, na sifichi. Kutwa kwake huku kunaweza kuwa kutembea umbali mrefu alfajiri na jioni, au kupangishiwa geto senta akiwa na miaka 14, ajipikie, ajilinde. Na wapo bado wanaohesabu ng'ombe wa mahari wakimwangalia. Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba, lakini sheria haitembei naye njiani. Binti akichaguliwa Msalato, hata kama Kiingereza chake kinayumba, mimi husema aende. Kiingereza atakifukuzia hukohuko. Vivyo hivyo akipata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana ya mkoa wetu, mzazi asiidharau kwa kuwa haina jina kubwa.

Jambo hili litakuwa zito zaidi. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 Darasa la Sita na la Saba watamaliza pamoja. Tutakuwa na watoto wa miaka 12 wanaoitwa bweni mikoa ya mbali. Wazazi wa watoto hao nawaomba wasingoje Desemba. Likizo ya Juni mpelekeni akae wiki mbili kwa shangazi, Maswa au Mwanza, afue mwenyewe, aamke bila kuitwa. Mwambieni shangazi asimpigie mama simu ila kwa ugonjwa. Akirudi, msikilizeni kwanza yeye, kabla ya kumsikiliza shangazi.