Kujifunza tatuaje: sindano mbele, kuchora nyuma

Kijana mwenye mkono mzuri wa kuchora anaweza kujitengenezea mashini ya tatuaje kwa jioni moja. Mota ndogo ya redio ya zamani, biki iliyoisha wino, kipande cha waya ya gitari, sharja ya telefone: vyote vinapatikana nyumbani, na video za kuonyesha namna ya kuviunganisha ziko mingi kwenye intaneti. Mashini inaitika, rafiki wa kwanza ananyoosha mkono, wa pili anangojea zamu yake. Hapo njo shida inaanza, kwa sababu waya ni ileile.

Virusi vya hepatiti B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 na zaidi, hata kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Watu wanaogopa SIDA, na wana haki, lakini hepatiti B inaambukiza kwa damu kwa urahisi zaidi, na inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili huku inakula ini. Mwenye kubeba ugonjwa huo anaweza kuwa yule rafiki mwenye afya nzuri kuliko wote.

Wengine wanasema: sisi tunachemsha sindano. Goma na Bukavu ziko juu, karibu metre 1.500 kutoka usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwa digrii kama 95, hayafiki 100. Hospitali zinatumia otoklavu, chombo cha mvuke wenye nguvu, digrii 121 kwa dakika 15 ao zaidi. Chungu cha jikoni hakifanyi kazi hiyo. Kupitisha sindano kwenye moto wa kibiriti ao kuipanguza na alkoli, hiyo haitoshi kabisa. Sindano ya tatuaje ni ya mtu mmoja, mara moja, kiisha inatupwa ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko, siyo kwenye takataka ambako watoto wanapita.

Wazee walijua jambo la namna hii kwa wembe. Neno chanjo linatoka kwa kuchanja: lilikuwa la alama na dawa za kienyeji mbele ya kuwa la sindano ya kituo cha afya. Wembe mmoja ukizunguka familia nzima, hatari yake ni sawa na ya ile waya ya gitari.

Tuje kwenye ngozi yenyewe. Tabaka ya juu inajibadilisha kila wakati. Wino ukibaki hapo, unatoka ndani ya majuma machache. Unapaswa kufika kwenye tabaka ya pili, kama milimita 1 mpaka 2 chini, ambako chembe zinazolinda mwili zinaumeza na kuushika pale. Ukishuka zaidi, wino unatapakaa, mstari unapata kivuli cha bluu kandokando, na hauwezi kurudishwa. Kwa hiyo mkono mwingine una kazi kubwa: kuvuta ngozi ikazike vizuri. Ngozi iliyolegea njo inayoharibu mistari ya wenye kuanza, kuliko mashini mbaya.

Kwa ngozi nyeusi kuna kosa moja linalorudia sana. Mwanafunzi haoni wino vizuri, anafikiri haujaingia, anakaza mkono na kupita mara tatu, mara ine palepale. Wino ulikuwa umekwisha kuingia. Anachoongeza ni kidonda, na kwa watu weusi kidonda kinaweza kuzaa keloidi, lile kovu linalovimba na kukua kupita alama yenyewe. Dawa yake ni kupangusa, kutazama kwa mwangaza mzuri, na kuchagua mchoro wenye mistari minene na nafasi kati yake. Mteja mwenye keloidi ya zamani, ya sikio ao ya chanjo, ni heri kumkatalia. Mwenye kulewa pia, na mtoto pia, hata akija na pesa.

Mashini ya kwanza ya umeme ilipata hati mwaka wa 1891 mjini New York, kwa jina la Samuel O'Reilly, aliyefuata wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Leo kuna za sumaku, zenye kelele na kutaka kurekebishwa mara kwa mara, na za mota, nyepesi zaidi. Kwa mji ambako umeme unakatika katikati ya kazi, ya mota yenye batri inasaidia. Jambo la kuangalia mbele ya bei ni sindano: ziwe za kufungwa moja moja, zenye tarehe, na zile za kuchomeka ziwe na utando ndani unaozuia damu kurudi kwenye mashini. Biki haina utando huo.

Wino wa biki ao masizi, hapana. Hata wino wa duka usiongezwe maji ya bomba: mwaka wa 2011, mjini Rochester, Marekani, watu 19 walipata ugonjwa wa ngozi kutokana na wino wa kijivu wenye kijidudu kinachoishi majini, ndugu wa kile cha kifua kikuu.

Mazoezi yanaanzia kwenye maganda ya ndizi na machungwa, kiisha ngozi ya nguruwe kutoka kwa mchinjaji, ambayo iko karibu na ya mtu. Hapo mwanafunzi azoeze pia mambo mengine: kufunika meza na waya kwa plastiki, kumimina wino kidogo kidogo na kutupa uliobaki, kubadilisha glavu kila akigusa telefone ili kubadilisha muziki. Hili la telefone linasahaulika sana.

Na mbele ya mteja wa kwanza, mwanafunzi mwenyewe aulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya hepatiti B. Watoto wachanga wanaipata pamoja na chanjo zao zingine. Mtu mzima ambaye hakuipata anachomwa mara tatu, kwa kawaida ndani ya miezi 6. Mteja naye aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, asibandue maganda, na asiogelee ziwani mpaka ngozi ifunge, kama majuma mawili mpaka mane.