Chumvi Ndani ya Mwamba wa Kisima

Wewe mkulima uliye na shamba karibu na bahari, tangu Vanga mpaka Malindi, wajua ya kuwa kisima chaweza kuharibika bila kukauka. Maji yamo tele, lakini yamegeuka kuwa ya chumvi. Majani ya maharagwe yanaungua pembeni, miche ya pilipili inadumaa, na ng'ombe ananusa ndoo kisha anaondoka. Halafu masika inanyesha, maji yanakuwa matamu, na mwenye kisima anafurahi. Baada ya miezi miwili mitatu chumvi imerudi. Watu husema bahari imeingia mara ya pili. Huenda ikawa kweli, lakini mara nyingine bahari haikuingia tena kamwe. Chumvi ile ilikuwamo muda wote, imejificha ndani ya jiwe.

Mwamba wa pwani yetu, kwa sehemu kubwa, ni matumbawe ya kale yaliyojengwa chini ya maji zamani sana, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Fundi anayechonga matofali ya matumbawe atakuambia kuwa jiwe hili lina nafasi za namna mbili. Ziko nyufa na mapango ambamo mkono hupita, na viko vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, vingine vidogo kuliko tundu la sindano. Katika nyufa maji hukimbia. Katika vitundu maji yamo pia, lakini yametulia kana kwamba yamo ndani ya chupa.

Sasa, chumvi huingiaje mahali ambapo maji hayatembei? Jibu ni kwamba chumvi iliyoyeyuka haingoji kubebwa na mkondo. Chembe zake, ambazo jicho haliwezi kuziona, hutikisika na kugongana na chembe za maji usiku na mchana. Kwa mtikisiko huo hujisambaza zenyewe, kutoka mahali zilipo nyingi kwenda mahali zilipo chache. Tia chumvi chini ya glasi ya maji, usikoroge, uiache mahali isipoguswa. Siku ya kwanza maji ya juu ni matamu. Baada ya majuma kadhaa hata ya juu yana ladha ya chumvi. Mganga mmoja wa Kijerumani, Adolf Fick, aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1855: tofauti ya wingi ikiwa kubwa baina ya mahali pawili vilivyo karibu, chembe huenda kwa wingi zaidi, tofauti ikipungua, mwendo nao hupungua.

Katika maji matupu yaliyotulia, chumvi husafiri kama sentimita 25 kwa mwaka. Ndani ya jiwe ni polepole zaidi, kwa sababu njia imepindapinda na vitundu vingine havina mlango wa pili. Tuseme sentimita 8 kwa mwaka katika jiwe la kadiri, ingawa mawe hutofautiana. Na usidhani kuwa miaka miwili ni sentimita 16. Kwenda mbali mara mbili huchukua muda mara nne, na kwenda mbali mara kumi huchukua muda mara mia. Kwa hiyo hata miaka 100 haifikishi chumvi mita moja kwa mwendo huu peke yake.

Mtu aweza kucheka na kusema, basi hilo ni jambo dogo. Si dogo, kwa kuwa mwamba wote umekatwakatwa na nyufa, na kila ufa una kuta mbili za kuingilia.

Jaribu mwenyewe. Chukua kipande cha tumbawe, ukubwa wa ngumi, ukiloweke katika maji matamu mpaka kisitoe mapovu tena. Hii ni lazima, maana jiwe kavu hunyonya maji kama kitambaa, nasi hatutaki kupima hilo. Kisha kiweke katika maji ya bahari kwa majuma mawili. Kitoe, kisuguliwe na kuoshwa vizuri nje, halafu kitie katika bakuli ndogo ya maji safi yanayokifunika tu. Onja maji papo hapo: hayana chumvi. Onja tena baada ya siku tatu nne. Yamwage, tia mengine, ungoje tena. Utamwaga mara kadhaa kabla jiwe halijamaliza kutoa. Ndivyo kisima chako kilivyo, ila jiwe lake haliwezi kutolewa na kuoshwa.

Chumvi ilifikaje kwenye nyufa hapo kwanza? Chini ya ardhi ya pwani maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na uzito huo mdogo ndio unaotenganisha. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hii ni nzuri kwa mwenye subira na mbaya kwa mwenye pampu kubwa. Ukishusha maji kwa sentimita moja tu, na ukaendelea kuyaweka hapo, mpaka wa maji ya bahari chini yake waweza kupanda sentimita 40.

Msimu mmoja wa kuvuta kwa pupa watosha kujaza nyufa maji ya chumvi. Yakikaa humo miezi sita, chumvi inapenya katika kuta. Mvua ikija, nyufa zinasafishwa kwa siku chache. Lakini sasa chumvi ni nyingi ndani ya jiwe na chache nje, basi inaanza kutoka. Lililo baya zaidi, si yote inayotoka. Ile iliyofika ndani inaendelea kwenda ndani zaidi, kwa kuwa huko nako kuna maji matamu. Kwa sababu hiyo mwaka mmoja wa kuharibu hautengenezwi kwa mwaka mmoja wa kupumzisha.

Kabla ya kuita mchimbaji akuongezee kina, pima. Kuongeza kina katika kisima cha namna hii, kwa maoni yetu, ni kuisogelea bahari kwa gharama yako. Mwombe Bwana Shamba au afisa wa maji akusaidie kupata kipimo kidogo kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha zaidi. Pima alfajiri kabla ya kuvuta, kisha upime tena pampu ikiisha kufanya kazi saa moja, na uandike katika daftari. Kama chumvi yapanda kadiri unavyovuta, bahari inapanda kutoka chini: punguza pampu, vuta kidogo asubuhi na kidogo jioni, uweke katika tangi. Lakini kama maji ya alfajiri, yaliyolala kisimani, ndiyo yenye chumvi zaidi, na yanakuwa matamu ukivuta, basi mara nyingi ni kuta zinazotoa chumvi yao ya zamani. Hapo mwaga madebe ya kwanza mbali na shamba na mbali na kisima, wanyweshe minazi badala ya maharagwe, na uelekeze maji ya paa katika tangi ili kisima kivutwe kidogo. Endelea kuandika vipimo vya alfajiri kila juma. Vikishuka kutoka masika moja hadi nyingine, jiwe linatoa chumvi kuliko linavyopokea.