Mzunguko wa Maruhubi: Raundi moja, magoti salama

WALIOKUWA vijana mwaka 1995, Zanzibar ilipotwaa Kombe la Chalenji kule Uganda, leo wana mvi. Wengi wao bado wanajiona wachezaji. Jioni wanaingia uwanjani na maveterani wenzao, dakika 10 za kwanza wanakimbia kama watoto, ya 11 mtu kashika goti, na kesho yake anapanda ngazi za nyumbani kwake moja moja huku akiguna.

Kwa watu wa aina hiyo, na hata kwa kijana anayerudi taratibu kutoka kwenye majeraha, kutembea ni zoezi tosha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kukaza mwendo kumo. Ishu ni wapi. Mitaa ya Mji Mkongwe ni myembamba, ukipisha vespa moja inakuja nyingine. Forodhani jioni kuna urojo na mishikaki, mtu anatoka kupunguza kilo anarudi kaziongeza.

Sasa panda daladala 502 ya Bububu, mwambie konda akushushe Maruhubi. Ni kama kilometa 4 tu kaskazini mwa Mji Mkongwe. Upande wa baharini ndipo lilipo gofu la kasri la Sultani Barghash bin Said, na kiwanja chake chote ni tambarare. Hakuna mlima wala ngazi. Raundi moja ya taratibu, ukisimama hapa na pale kutazama, haizidi kipindi kimoja cha mpira.

Anza barabarani, kata tiketi, halafu pita chini ya miembe mikongwe. Hapo tembea polepole, misuli ipate moto. Mbele yako zinatokea nguzo nene za mawe, zimesimama kwa safu kama wachezaji wanaosubiri wimbo wa taifa. Juu yake palikuwa na baraza kubwa la kupungia upepo. Zunguka nguzo zote, kisha shika upande wa mabafu na mfereji wa maji uliojengwa juu ya ardhi, upite kwenye mabirika ya zamani ambayo sasa yameota mayungiyungi. Malizia ufukweni, kwenye vyombo vya wavuvi, ndipo ugeuke kurudi ulikotokea. Kama goti linaruhusu, piga raundi ya pili. Ila tazama maji kwanza, maana siku za bamvua bahari haikuachii mchanga mwingi wa kutembelea.

Jina la Maruhubi linatokana na Mwarabu aliyekuwa na shamba hapo kabla ya Sultani. Barghash alijenga kasri lake kati ya 1880 na 1882. Miaka michache nyuma, 1875, alikuwa amekwenda Uingereza, na inasadikiwa ukuta mkubwa wa kuzungushia shamba aliuiga kutoka kwenye kuta za mashamba ya mabwanyenye alizoziona huko. Waingereza wenyewe siku hizi kuzunguka mashamba ya namna hiyo ni matembezi yao ya Jumapili, na watoto na mbwa. Sisi tunalo letu, tunalipita ndani ya daladala tukitazama simu.

Lakini ukuta ule haukuwa wa mapambo. Inasimuliwa kuwa ndani yake Barghash aliweka mke wake mmoja na masuria 99. Idadi hiyo ibebe kama masimulizi, ila usuria haukuwa hadithi. Mkataba wa 1873, aliousaini Barghash huyo huyo, ulifunga soko la watumwa la Unguja. Amri ya 1897 ikaja kuufutia utumwa uhalali wake kisheria, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Wao walisubiri mpaka 1909. Kwa hiyo njia hii unayoimaliza kabla ya mapumziko, kuna wanawake waliokuwa wakiizunguka miaka nenda miaka rudi na lango si lao.

Barghash alifariki 1888. Mwaka 1899 moto ukalila kasri. Mbao zote zikaenda, mawe yakabaki, na marumaru za mabafuni zikaibwa baadaye. Anayedhani kilichobaki kitasimama milele akumbuke Desemba 25, 2020, pale Beit al-Ajaib ilipoporomoka sehemu yake ya mbele na watu wawili wakapoteza maisha. Ile nayo ni kazi ya Barghash, ya 1883, na ilikuwa na paa. Maruhubi ni mawe ya matumbawe na chokaa, juani na mvuani kwa zaidi ya miaka 120, mizizi inapenya kila ufa.

Ndiyo maana kuna mchezo mmoja unaotakiwa kukoma. Vijana wanazifanya kuta zile kuwa jukwaa, mmoja anapanda, mwenzake anapiga picha. Wengine wanaegemeza mguu kwenye nguzo kunyoosha misuli. Mwembe upo, jamani, egemea mwembe. Na kikundi cha mazoezi kikija na watu 40 kisipite katikati ya mabafu kwa mchakamchaka, kizunguke kwa nje, kando ya ukuta. Njia inarefuka kidogo na ndilo zoezi lenyewe.

Muda mzuri ni asubuhi, kabla ya saa 3. Vaa raba za kawaida, maana chini kuna mawe na mizizi, beba maji na kofia. Ukirudi barabarani, 502 za kwenda mjini zinapita upande wa pili, si wa baharini, kwa hiyo vuka kwa uangalifu.