Mwamba Usio na Mwuzaji

Juzi nilivuka kutoka Shimoni kwenda Wasini. Ndani ya mashua mlikuwa na mitungi ya maji, kwani kisiwa kile hakina mto, na kwa miaka mingi wakazi wake wametegemea mvua na maji ya kuvushwa kutoka bara. Mtungi una bei, asiyelipa hapewi. Hapo soko hufanya kazi yake barabara.

Lakini je, ni nani auzaye kinga ya miamba ya matumbawe? Miamba hiyo huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Kukingwa kwa nyumba ya mmoja hakupunguzi kinga ya jirani yake, wala asiyelipa hawezi kunyimwa. Hiyo ndiyo maana ya bidhaa ya umma. Hapo ndipo soko hushindwa, maana kila mtu humngoja mwenziwe agharamie, naye adandie bure.

Samaki nao hawana lango, ila aliyevuliwa na mmoja hawezi kuvuliwa na mwingine. Mwaka 1968, Garrett Hardin alionya kwamba mali ya namna hiyo huishia kuangamia. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alithibitisha kwamba si lazima iwe hivyo: watumiaji wakijiwekea masharti na kuyasimamia wenyewe, mali yao huweza kudumu.

Wasini kwenyewe, akina mama wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, na mgeni hulipa kiingilio. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyo jirani, mtalii hulipa pia. Naam, mandhari huwekewa lango likauzwa. Mawimbi hayawekewi lango.

Kwa hiyo nashauri kwamba sehemu ya pato la kile kinachouzika igharamie ulinzi wa kile kisichouzika, na wavuvi wawe na kauli katika masharti yake. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, na hakuna soko lililotoa fidia.

Walimu wenzangu, mnapofundisha somo hili, anzieni Wasini. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu, ndugu msomaji, hakuna fundi awezaye kuujenga upya.