Uliza Kabla ya Kumeza, Uliza Kabla ya Kuacha

Mama mjamzito hali peke yake wala hanywi peke yake. Chakula, pombe, moshi wa sigara na dawa, vyote huingia katika damu yake, na mengi ya hayo huvuka kondo la nyuma yakamfikia mtoto aliye tumboni. Wakunga wetu wamelisema jambo hili kwa miaka mingi, na akina mama wengi wa Jinja na Mbale wanalifahamu. Hata hivyo, kila siku vidonge hununuliwa madukani kama inunuliwavyo chumvi, na mara nyingi muuzaji hajui kwamba mnunuzi ana mimba.

Si kwamba akina mama hao ni wazembe. Kwa desturi za watu wetu wengi, mimba changa haitangazwi. Huijua mume, na pengine mama mzazi au shangazi. Wengine wote, akiwamo muuza dawa, hungoja mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini hapo ndipo hatari ilipojificha.

Miezi ya siri

Moyo, ubongo, mikono, miguu na macho ya mtoto huumbwa katika wiki za mwanzo kabisa. Kufikia wiki ya kumi ya mimba, viungo vikubwa vimekwisha kujengeka. Basi miezi ile ambayo mama huficha mimba yake ndiyo miezi ambayo dawa isiyofaa yaweza kuleta madhara makubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 1957, huko Ujerumani Magharibi, dawa iitwayo thalidomaidi iliuzwa kwa ajili ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilisifiwa kuwa haina madhara. Ilipoondolewa sokoni huko mwishoni mwa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamedhurika, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi isiyokamilika. Nchini Marekani ni wachache tu waliopata msiba huo, kwa sababu daktari Frances Kelsey, mtumishi wa serikali, alikataa kuiidhinisha mpaka aletewe ushahidi wa kutosha. Yeye aliuliza kabla watu hawajameza.

Malaria haingoji

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mjamzito asiguse dawa yoyote. Katika nchi yetu ya Busoga, penye ziwa, mto na mbu wengi, malaria yenyewe ni hatari kuliko tiba yake. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, humpunguzia mama damu, na humfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo au mimba iharibike.

Ndiyo maana kliniki ya wajawazito hutoa vidonge vitatu vya SP, ambavyo wengi huviita Fansidar, vimezwe palepale mbele ya muuguzi. Huanza kutolewa baada ya wiki ya 13, kisha hurudiwa, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, mpaka zitimie angalau dozi tatu. Mama anayetumia Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo mbili ni za jamii moja na zikikutana zaweza kumdhuru. Nguvu ya SP imepungua katika sehemu zetu za mashariki, kwa hiyo chandarua chenye dawa bado ni cha lazima kila usiku.

Akishikwa na homa, mama na apimwe damu kwanza. Zamani, katika miezi mitatu ya kwanza, tiba ilikuwa kwinini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini, inayojulikana sana kwa jina la Coartem, itumike hata katika miezi hiyo.

Vidonge vya kuongeza damu navyo visidharauliwe. Humezwa kila siku, na huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na chungwa au tunda jingine chachu kuliko pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma. Lakini mama asijinunulie asidi foliki ya miligramu 5 akidhani kwamba wingi ndio uzima. Kiasi hicho hupunguza kazi ya SP. Kile kidogo kilichomo katika kidonge cha kliniki, yaani miligramu 0.4, kinatosha.

Maumivu ya kila siku

Kwa kichwa, mgongo au homa ndogo, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo dawa ya kwanza kufikiriwa. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupatikana kwa urahisi mno, si za mjamzito kujinunulia. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Kuanzia wiki ya 30 zaweza kuziba mapema mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wake. Tetrasaiklini na doksisaiklini nazo ziepukwe, kwa kuwa dawa za jamii hiyo hutia meno ya mtoto rangi ya manjano au kahawia isiyotoka.

Mitishamba nayo ni dawa

Watu wengi husema kwamba dawa za miti hazina kemikali. Huko ni kujidanganya. Jani lenye nguvu ya kuponya lina nguvu ya kudhuru pia.

Katika masoko ya Busoga na Buganda huuzwa mumbwa, yaani vijiti vya udongo uliochanganywa na majani na kukaushwa, ambavyo husuguliwa katika maji na kunywewa na wajawazito. Nia ni njema, lakini udongo huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na mama aliyepungukiwa na damu huzidi kupungukiwa.

Hatari kubwa zaidi ni ile mitishamba ya kuharakisha uchungu. Baadhi yake kweli hulikaza tumbo la uzazi. Hospitalini mkunga hutumia dripu kwa kazi hiyo, akihesabu matone, akimsikiliza mtoto, na akiweza kuifunga mara moja. Kikombe cha majani hakifungiki. Kama mtoto amekwama, tumbo litazidi kusukuma mpaka mtoto achoke au mji wa mimba upasuke. Hospitali ya Rufaa ya Mbale hupokea akina mama wenye uchungu pingamizi kutoka milima ya Bugisu na tambarare za Bukedi, na safari ya kutoka mlimani ni ndefu. Yeyote aliyekwisha kunywa dawa ya miti asione haya kumwambia mkunga, kwa maana atahudumiwa kwa uangalifu zaidi.

Mama anyonyeshaye

Hapa kosa la kawaida ni la kinyume: mama aliyepewa dawa humwachisha mtoto ziwa kwa hofu. Dawa nyingi hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo sana kisichoweza kumdhuru mtoto. Mara nyingi inatosha kumeza kidonge mara tu baada ya kunyonyesha, ili kiasi kilichomo katika damu kiwe kimepungua ifikapo zamu nyingine. Kumnyima mtoto maziwa ya mama na kumpa uji au maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu kwaweza kumletea hatari kubwa kuliko dawa yenyewe.

Lakini zipo za kuepukwa. Kodeini, ambayo imo katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, hugeuka kuwa mofini mwilini, na kwa akina mama wengine hugeuka haraka mno hata mtoto akalala kupita kiasi na pumzi ikafifia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili havifai katika wiki sita za mwanzo, na ni vyema kungoja mpaka mtoto atimize miezi sita. Vipo vya homoni moja vinavyofaa mapema zaidi. Mama amwulize muuguzi.

Mbale yenyewe imeupa ulimwengu ushahidi juu ya dawa na maziwa ya mama. Kati ya mwaka 2009 na 2013, ilikuwa miongoni mwa vituo vya Uganda, Zambia, Afrika Kusini na Burkina Faso ambako watoto zaidi ya 1,200 wa akina mama wenye virusi vya Ukimwi walipewa dawa ya kinga kwa muda wote wa kunyonya, hadi wiki 50. Walioambukizwa hawakufika 2 katika kila 100.

Kuacha nako kwaua

Mama mwenye virusi asipotibiwa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huweza kuambukizwa. Akitumia dawa zake sawasawa, idadi hushuka chini ya 5. Tangu mwaka 2012 sera ya Uganda ni kumpa dawa hizo kila mjamzito na kila anyonyeshaye mwenye virusi, kwa maisha yake yote. Mama anayeziacha kwa kuogopa kumdhuru mtoto humweka mtoto huyohuyo hatarini.

Hali kadhalika mwenye kifafa. Ni kweli kwamba dawa moja ya kifafa, valproeti, yaweza kuharibu uti wa mgongo na akili ya mtoto. Lakini mama akiiacha ghafla, aweza kuanguka motoni au majini na kupoteza maisha yake na ya mtoto. Daktari ndiye wa kuibadilisha, na ni bora ibadilishwe kabla ya mimba kuingia.

Wajibu wetu sote

Baba aendaye dukani kumnunulia mkewe dawa aseme waziwazi ni ya nani na mimba ni ya miezi mingapi. Mama mkwe asimsute mkaza mwana anayekataa kikombe cha majani. Muuza dawa, ambaye wengi humwita musawo, awe na kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na amwulize kila mwanamke kama ana mimba au ananyonyesha, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

Nawe mama, siri yako si lazima itangazwe sokoni. Inamhitaji mtu mmoja tu. Mkaribie muuzaji useme: "Musawo, nina mimba ya miezi miwili. Je, dawa hii yanifaa?" Akisitasita, usinunue, nenda kituo cha afya. Chukua na kadi yako ya kliniki, pamoja na vidonge vyote unavyotumia nyumbani, uvioneshe hapo mezani.