Fedha ya korosho na utapeli wa simu: Mtwara inahitaji utaratibu kuliko ujanja

Kila mwaka minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, Mtwara hupata fedha nyingi kwa mkupuo. Katika msimu wa 2024/25 bei ya mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na malipo yakashuka kupitia vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU hadi kwenye akaunti za wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nanyamba na vijiji vya Ghuba ya Mnazi. Kutoka benki safari huwa fupi. Fedha huhamia kwenye simu, kisha hugawanyika: ada ya shule, mabati, deni la dukani, mchango wa msiba, ndugu aliyeko Dar es Salaam. Tarehe ya mnada hutangazwa, bei husomwa redioni, na siku ya malipo hujulikana kijiji kizima. Uwazi huo ni haki ya mkulima, lakini humpa hata mtu asiyewahi kufika kusini kalenda kamili ya lini simu za Mtwara zina salio. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa laini zilizobainika kutumika katika utapeli. Anayeibiwa Msimbati, basi, huenda ameibiwa na mtu aliyeko upande wa pili wa nchi.

Ushauri anaopewa mwananchi ni uleule: kuwa makini, kuwa mjanja, usitoe namba ya siri. Ushauri huo ni sahihi lakini hautoshi, kwa sababu unauchukulia utapeli kama mashindano ya akili kati ya watu wawili. Utapeli wa simu ni biashara. Una malighafi, una gharama, una mgawanyo wa kazi, na faida yake inategemea wingi. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata, akaunti za fedha za simu zimeongezeka hadi kuvuka milioni 60. Ujumbe mmoja ukisambazwa kwa maelfu ya namba, gharama yake ni kifurushi cha SMS tu. Chukua ule unaojulikana kuliko yote: «Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani.» Wengi wataufuta. Lakini katika maelfu hayo hakosekani mtu ambaye siku hiyohiyo alikuwa anataka kutuma kodi ya pango au fedha ya saruji, na ujumbe ukamkuta simu iko mkononi. Hakuna ujinga hapo, ni hesabu. Tena sentensi hiyo imebomoa kwa makusudi kinga ambayo kampuni za simu zilikuwa zimeiweka. Kabla ya kuthibitisha muamala, mtumaji huonyeshwa jina la mpokeaji. Tapeli anapolitaja jina mapema, kilichokuwa kikaguzi kinageuka kuwa ushahidi wa kumwamini.

Katika pwani hii biashara hiyo ina matawi yanayofuata uchumi wa mahali. Kuna anayedai amekosea kutuma fedha na kuomba arudishiwe, baada ya kutuma ujumbe wa kughushi unaofanana na wa mtandao. Kuna anayejifanya mtoa huduma wa kampuni ya simu na kumwelekeza mteja abonyeze namba moja baada ya nyingine hadi afike kwenye namba ya siri. Kuna anayempigia mzazi kusema mtoto ameanguka shuleni na fedha ya matibabu inatakiwa sasa hivi. Gesi nayo ina ndoto zake: iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, hivyo tangazo la uongo la ajira linalodai ada ya fomu au ya kupima afya linapata wasikilizaji haraka miongoni mwa vijana wanaosubiri kazi. Mwenye shida ya fedha huvutwa na mikopo ya simu; Novemba 2024 Benki Kuu ilizuia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mwenye akiba huvutwa na faida ya haraka, kama ilivyokuwa kwa LBL, mpango wa mtandaoni ulioahidi faida kwa waliowekeza, ambao watu waliohusishwa nao walikamatwa na polisi mwanzoni mwa 2025. Wafanyabiashara wakubwa pia hawajasalimika. Korosho ya kusini huuzwa zaidi India na Vietnam, na mikataba, ankara na namba za akaunti husafiri kwa barua pepe. Mhalifu akishaingia kwenye sanduku la barua la upande mmoja, husubiri hadi ankara iwe tayari, kisha hutuma barua yenye lugha ileile na akaunti tofauti. Kwa utapeli wa aina hiyo pekee, malalamiko yaliyofikishwa kwa FBI ya Marekani mwaka 2023 yalifikia hasara ya takriban dola bilioni 2.9, na miongoni mwa waliopoteza ni kampuni zenye wahasibu na wanasheria.

Ikiwa wahasibu wanaingia mtegoni, mkulima hawezi kuokolewa kwa kuambiwa awe mjanja. Kusini kuna somo bora, nalo limetokana na korosho yenyewe. Kwa miaka mingi mkulima alinyonywa na kangomba, mnunuzi wa vichochoroni anayepima kwa bakuli na kulipa bei ya kutupa, mara nyingi kabla hata korosho haijadondoka. Aliyekuwa na shida aliuza, na aliuza peke yake, nyumbani kwake, kwa haraka. Dawa haikuwa kumfundisha kila mkulima ubishi wa bei. Sheria ya Stakabadhi za Mazao Ghalani ilitungwa mwaka 2005, na kuanzia msimu wa 2007/08 Mtwara ikaanza kuuza korosho kwa utaratibu mpya: mzigo unapimwa kwenye chama cha msingi, unapata stakabadhi, unaingia ghalani, na bei inaamuliwa mnadani mbele ya wengi. Kilichomlinda mkulima ni hatua zilizomwondoa kwenye mazungumzo ya faragha. Ukitazama simu kwa jicho hilo, utaona kwamba tapeli anafanya kazi ileile ya kangomba. Anataka mtu awe peke yake, awe na haraka, na asiwe na mahali pa kupimia anachoambiwa.

Kwa familia, utaratibu unaolingana na huo haugharimu chochote. Kwanza, iwe kanuni ya nyumba kwamba hakuna fedha inayotumwa kwenye namba mpya kabla ya kumpigia mhusika kwenye namba yake ya zamani na kuisikia sauti yake. Ujumbe hautoshi, hata kama umetoka kwenye simu ya mtoto wako, maana simu huibwa na laini hubadilishwa. Pili, fedha ya msimu isikae yote kwenye laini inayopokea simu za kila mtu. Akiba ibaki benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, na simu ibebe fedha ya matumizi. Tatu, wazee wapewe msaidizi wa kuwasomea ujumbe, lakini namba ya siri ibaki kwao, kwa sababu hasara nyingine huanzia ndani ya nyumba. Nne, kila mmoja abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na asiyoitambua aombe ifutwe. Usajili wa alama za vidole ulioanza rasmi Mei 2019 ulikusudiwa kumfichua tapeli, lakini msajili asiye mwaminifu humwambia mteja aweke kidole mara ya pili kwa kisingizio kwamba cha kwanza hakikusoma, na laini ya pili ikauzwa kwa wahalifu. Tano, ujumbe wa kitapeli utumwe 15040, na aliyekwisha kutuma fedha apige 100 dakika hiyohiyo, kwa kuwa muamala huweza kuzuiwa ikiwa mpokeaji hajatoa. Kwa mfanyabiashara kanuni ni moja: akaunti mpya kwenye ankara haiaminiwi hadi ithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyokuwapo tangu mwanzo wa mkataba.

Yatasemwa mawili dhidi ya utaratibu huu. La kwanza ni dharura: mtoto akiumwa kweli, nani ana muda wa kufuata kanuni? Lakini kumpigia mwalimu mkuu au ndugu aliye karibu na shule ni kazi ya dakika moja, na mwenye dharura ya kweli hamkatazi mzazi kuuliza. Anayekataza kuuliza amekwisha kujitambulisha. La pili ni zito zaidi: kangomba hajaisha hadi leo pamoja na stakabadhi zote. Ni kweli, na sababu yake inafundisha. Kangomba hudumu kwa sababu kuna kaya ambazo haziwezi kungoja mnada na malipo yake, hivyo huuza kwa hasara ili zile leo. Utapeli wa mikopo na wa faida ya haraka hushika penye ukata uleule. Utaratibu hupunguza madhara, lakini kaya isiyo na pa kukopa kwa haki itaendelea kusikiliza sauti yoyote inayoahidi fedha. Kwa hiyo mikopo midogo ya vyama vya ushirika kabla ya msimu, yenye riba inayovumilika, ni sehemu ya ulinzi dhidi ya matapeli sawa na elimu yoyote.

Familia hata hivyo haiwezi kubeba mzigo wote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu mhalifu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaoshika taarifa za watu. Linalobaki ni swali la kiuchumi: nani analipa hasara? Kwa kawaida ni mteja peke yake, kwa hoja kwamba aliweka namba ya siri kwa mkono wake. Uingereza ilikuwa na hoja hiyohiyo, kisha ikabadili mwelekeo. Tangu Oktoba 7, 2024, mteja aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe hurudishiwa hadi pauni 85,000, na hasara hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea, isipokuwa pale mteja alipofanya uzembe uliokithiri. Kampuni zetu zitasema kwamba fidia itapandisha makato na kuwazoesha watu uzembe. Hofu ya makato si ya kupuuzwa katika nchi ambayo tozo ya miamala ya 2021 iliwaumiza wengi. Lakini hasara ipo tayari. Leo inabebwa na mama wa Madimba aliyepoteza mavuno ya mwaka, ambaye hana uwezo wa kuifunga laini ya tapeli wala kumchunguza msajili wa laini. Mwenye uwezo wa kuzuia akibeba japo sehemu, atazuia. Tunaweza kuanza na kidogo: muamala mkubwa wa kwanza kwenda kwenye namba ngeni usubiri saa chache kabla ya kutolewa, na kampuni ichangie hasara pale laini iliyopokea fedha ilipokuwa imesajiliwa kwa udanganyifu.

Vyama vya msingi vya Mtwara vina nafasi ambayo kampuni na serikali hazina. Vina wanachama wanaokutana, vina ubao wa matangazo, vina makarani wanaojulikana kwa sura, na ndivyo vinavyojua siku ya malipo. Kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ujao, kila chama kinaweza kupitisha azimio fupi: chama hakitadai ada ya pembejeo wala ya malipo kwa simu, taarifa zote za fedha zitabandikwa ofisini, na mwanachama anayepigiwa simu kwa jina la chama aje kuuliza dirishani kabla ya kufanya lolote. Azimio kama hilo linamnyima tapeli jina la kujificha, na linampa mkulima mahali pa kupimia neno aliloambiwa, kama alivyo na mahali pa kupimia korosho yake.