Je, Wajua? Wazigua Waliorudi Handeni

Je, wajua kwamba vita vya Somalia vya 1991 viliwarudisha Handeni, Tanzania, wajukuu na vitukuu wa Wazigua waliouzwa utumwani Somalia karne ya 19? Mtu aweza kudai kuwa hawa ni wageni tu, kwani miaka zaidi ya 100 hufuta asili. Lakini ushahidi wao uko ulimini: katika bonde la mto Juba, wakizungukwa na Kisomali, waliendelea kulea watoto kwa Kizigua, na waliporejea waliweza kuelewana na wenyeji. Lugha nzima haiokotwi njiani. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, na wengi wamepewa uraia. Ukienda huko kwa siku moja kutoka Korogwe, omba ruhusa, ongozwa na mwenyeji, uwasikilize wazee.